Mistari imejaa, video inakwama

SWALI: Ndugu mhandisi, simu yangu inaonyesha mistari yote ya netiweki, lakini ikifika saa mbili usiku video inazunguka tu. Alfajiri, nikiwa nimekaa palepale, haikwami hata kidogo. Kampuni ya simu inasema inaboresha mtandao. Inaboresha nini hasa? Na nikinunua simu ya 5G, nitapona?
Mwalimu wa sekondari

JIBU: Mwalimu, mistari hiyo inakuambia unausikia mnara vizuri kiasi gani. Haikuambii mko wangapi. Masafa ya mnara, yaani mawimbi ya redio yanayobeba data, mnagawana nyote mlio upande wake mmoja, na kwenye 4G chaneli moja, yaani njia moja ya kupitishia data ndani ya masafa hayo, haizidi upana wa megahezi 20. Alfajiri mko wachache. Saa mbili usiku watu wamerudi nyumbani na kila mmoja anatazama video, ambayo ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya data ya simu duniani.

Kampuni huongeza chaneli, kisha simu inazitumia mbili au tatu kwa mpigo. Huongeza pia minara midogo katikati ya ile mikubwa, na mimi naiamini njia hii kuliko zote: eneo likigawanywa, masafa yaleyale yanatumika upya kila kipande, na kila kipande kina watu wachache.

Lakini kuna kitu nilichojifunza kwa uchungu. Nilipokuwa napanga mitandao, tulifunga antena mpya kwenye mnara uliolalamikiwa sana. Wiki iliyofuata malalamiko yalikuwa yaleyale. Nilikesha na takwimu siku mbili kabla ya kugundua kuwa mnara ule uliunganishwa na mtandao mkuu kwa mawimbi ya redio, kupitia kiungo chembamba kilichofungwa enzi za 3G. Tulikuwa tumepanua mlango na kuuacha ujia vilevile. Faiba ilipofika, kero iliisha. Tangu hapo, nikisikia “tumeboresha mnara”, nauliza kwanza nyuma yake kuna nini.

Mzigo wenyewe nao hupunguzwa. Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani, Netflix na YouTube zilishusha ubora wa video barani Ulaya ili mitandao ipumue.

Sasa 5G. Kwenye masafa ya gigahezi 3.5, chaneli moja yaweza kufika megahezi 100, na antena zake, aghalabu vipande 64 kwenye bamba moja, huelekeza mawimbi kwa kila simu badala ya kuyamwaga kote. Nafuu ni kubwa. Hata asiyehama hufaidika, maana waliohama wamempisha kwenye 4G. Ila masafa hayo hayapendi kuta nene. Kwa hiyo usinunue bado. Azima simu ya 5G kwa mwenzako, weka laini yako, ukae palepale unapokaa saa mbili usiku, uwashe video ileile.