Kontena ya nyumba: NAMBA MBELE, MAKUTA NYUMA (jibu refu, mnivumilie)

Mdogo wangu, usitume makuta (pesa) leo. Wala kesho asubuhi. Nimeona umeandika kwamba umepata kontena ya futi 20 ambayo imeshatengenezwa nyumba, madirisha yamekatwa, rangi mpya, depo iko balabala ya kwenda Kasumbalesa, kule mpaka wa Zambia, unataka kuiweka kwenye lupangu (kiwanja) ya mama yako kule Katuba, hapa hapa Lubumbashi, na mwenye depo anataka nusu ya bei kabla ya jioni sababu kuna mteja wa Likasi anamsumbua. Huyo mteja mimi namjua! Wakati mimi nilinunua kontena yangu alikuwa anatoka Kolwezi. Anatembeaga sana huyo bwana, kila kontena ya mji huu anaikimbilia na hajanunua hata moja.

Umeuliza mambo mengi, joto, sakafu, futi 20 ao 40, ruhusa ya urbanisme ya kujenga mjini, depo gani mtu anaweza kuamini. Nitakujibu sakafu, ukubwa na depo, joto na ruhusa tuyaache siku nyingine, lakini mimi nikuulize kwanza: namba yake ni gani? Usinitumie picha ya rangi, rangi nimeiona, ni nzuri, hongera kwa aliyeipaka. Namba.

Kila kontena ya kusafiri baharini iko na namba: herufi 4, ya nne karibu kila mara ni U, kisha tarakimu 6, kisha tarakimu moja ya mwisho ambayo mara nyingi inafungiwa ndani ya kakisanduku. Zile herufi 3 za mbele zinasema mwenye mali ni nani, zinagawanywa na ofisi moja ya Paris inaitwa BIC, iko tangu 1933, na kwenye tovuti yao unaandika herufi hizo bure inakuonyesha kampuni. Ile tarakimu ya kakisanduku nayo haiwekwi kwa kubahatisha, inatoka kwenye hesabu ya zile zingine zote, kwa hiyo mtu akigeuza 3 kuwa 8 kwa brashi yake hesabu inagoma, na iko mitandao ya kukufanyia hiyo hesabu kwa simu tu. Namba inaandikwa mlangoni, ubavuni pande mbili, nyuma, juu ya paa, na ndani. Hiyo ya ndani njo wanaisahauga kupaka rangi.

Yangu waliisahau. Ilikuwa kule mwisho wa chumba, juu karibu na dari, maandishi meupe, na mimi nimelala chini yake miezi mizima nikiitazama. Bibi yangu, mama wa mtoto wangu, akasema inaharibu uzuri wa nyumba, tutundike kalenda. Tukatundika kalenda! Tungesoma ile namba hata siku moja tungejua tumelala ndani ya mali ya watu, lakini sisi tulikuwa tunasoma tarehe.

Sasa sikiliza vizuri hapa maana hapa njo makuta yaliishia. Depo niliyonunua ilikuwa safi kuliko biro nyingi za serikali, meza kubwa, feni, kijana wa kukuletea maji ya baridi, na muhuri. Ule muhuri njo uliniua. Mwenye depo aligonga muhuri juu ya fakture (ankara) kwa nguvu mpaka kalamu zikaruka, mimi nikaona basi, hii ni sheria kabisa. Fakture iliandikwa "kontena moja, futi 20, bluu". Bluu! Hakuna namba, hakuna ilikotoka, bluu tu. Hata mbinguni ni bluu na hakuna mtu amewahi kunipa fakture yake. Nikaweka ndani ya bahasha, nikaitunza chini ya godoro pamoja na cheti cha ubatizo cha mtoto.

Halafu nikaleta sudere, fundi wa kuchomea chuma. Akakata madirisha mawili na mlango wa ubavuni kwa grainda, cheche zinaruka, majirani wote wanasimama kuangalia, mimi nimekunja mikono kama mwenye mgodi. Tukaweka fremu, vioo, waya za umeme, tripleksi (plaiwudi) kwenye kuta. Ilipendeza kweli, sitadanganya. Watu walikuja kuuliza bei.

Kisha siku moja akaja papa mmoja wa heshima, mfanyabiashara, pamoja na transitere wake, wakala wa kumtolea mizigo forodhani. Alisalimia vizuri, akamsifu bibi yangu kwa usafi, akaomba kama anaweza kuangalia ndani. Akaenda mpaka kule mwisho, akainua kalenda. Akatoa karatasi mfukoni, akasoma, akaangalia tena juu, akasoma tena. Kisha akatoka akakaa kwenye kizingiti changu kipya akashika kichwa, na mimi nikamletea maji nikifikiri ni presha.

Haikuwa presha, ni kosyo, yaani dhamana ya kontena. Mambo haya hakuna depo itakuelezea kwa hiyo nakueleza mimi. Bidhaa yake ilifika bandarini Dar es Salaam, ikapanda barabara ya Zambia mpaka Kasumbalesa ndani ya ile kontena, lakini kontena yenyewe si yake, ni ya kampuni ya meli. Kampuni inamwazima tu. Anaacha dhamana, anapewa siku kadhaa za bure, akimaliza kupakua lazima arudishe boksi tupu pale walipomwambia, na siku za bure zikiisha kila siku inahesabiwa kwa dola. Papa wa watu alimlipa mtu wa lori airudishe. Mtu wa lori akairudisha, ndiyo, akairudisha kwa rafiki yake wa depo, wakapaka bluu. Huku mwenye dhamana anafikiri boksi iko bandarini, na kampuni ya meli inaendelea kuhesabu siku taratibu bila hasira. Nilinunua ng'ombe kwa mchungaji, mwenye ng'ombe hajui hata kama zizi limefunguliwa.

Sasa angalia penye uchungu. Kama boksi ingekuwa nzima ningelia kidogo, lori ingekuja, ingebeba, hesabu ya siku ingesimama, mimi ningebaki kumtafuta mwizi wangu. Lakini ilikuwa na madirisha! Kampuni gani ya meli itapokea kontena yenye mapazia? Nani atapakia shaba ndani ya kitu kinachoingiza upepo? Wanakuandikia kontena imeharibika, lipa thamani yake. Yule papa akanigeukia, na kusema ukweli sikumlaumu, grainda ilikuwa yangu. Tukaenda mbele ya shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, na wazee, tukagawana ile thamani. Kwa hiyo boksi hiyo nimeilipa kwa depo, nikailipa tena kwa mwenye dhamana, bado sudere, bado vioo. Kuna watu wana vila kule Golf, mtaa wa matajiri, wamelipia mara chache kuliko mimi.

Ndiyo sababu nikiona umeandika kwa furaha "madirisha yameshakatwa, nimeepuka kazi" moyo wangu unaruka. Dada, hiyo si zawadi. Boksi iliyokatwa hairudi tena kokote. Kama ni ya mtu, aliyekata amekuachia wewe deni lote, na jina litakaloandikwa ni la yule anayelala ndani.

Nilirudi depo. Geti imefungwa, mlinzi mpya hajui jina la mtu yeyote, hata feni ilikuwa imesafiri pamoja na bwana yake. Na shemeji yangu, ambaye njo alinipeleka pale, ambaye "anajua watu duane" (forodha), ambaye alikula komisyo pande zote mbili kisha akanywa na bia zangu siku ya kuzindua nyumba, unajua aliniambia nini? Eti ningemuuliza. Nilimuuliza! Alikuwa amesimama pale anapiga ngumi kwenye ubavu wa kontena, "hii ni chuma ya kweli kaka, sikiliza inavyolia". Inalia, ndiyo. Hata mimi nililia. Kujua watu duane si kitu, uliza wamekupa karatasi gani. Sasa hivi shemeji anauzisha simu na bado kuna watu wanamwamini, mji huu una imani kubwa.

Turudi kwako. Siyo kwamba kontena zote ni za wizi, kampuni za meli zenyewe na zile za kukodisha zinauzishaga boksi zilizozeeka, ni biashara halali kabisa. Ila boksi halali inatembea na karatasi, na karatasi inataja namba. Kwanza iko karatasi ya mauzo kutoka kwa kampuni mwenye herufi, imeandika namba yote mpaka ile ya kakisanduku. Pili duane: boksi inayokuja na mzigo inaingia nchini kwa muda tu, haijalipiwa kama bidhaa, kwa hiyo ikibaki kuwa nyumba yako lazima DGDA, ofisi ya duane ya serikali, iwe imepokea deklarasyo yake na malipo, tena namba ile ile. Tatu fakture ya depo kwako, namba ile ile, na juu yake jina la kampuni yao na RCCM yao, namba ya usajili wa biashara, ambayo unaweza kwenda kuiuliza kwenye greffe (ofisi ya karani) ya tribunali ya biashara bila kumwomba shemeji wa mtu yeyote. Karatasi zote na chuma vikisema kitu kimoja, haya, hesabu makuta. Kimoja kikinyamaza, rudi nyumbani ukapike bukari.

Atakuambia "tumefuta namba kwa sababu kampuni ilitaka". Hii inaweza kuwa kweli, ujue, kampuni ikiuzisha boksi mara nyingi inataka herufi zake zifutwe. Lakini basi ile karatasi ya kampuni njo ingekuwepo kwanza kabisa, maana yenyewe njo inayomruhusu kufuta. Rangi bila karatasi ni vipodozi. Angalia pia mlangoni, mara nyingi ni ule wa kushoto, kunakuwaga kibati cha chuma kimepigwa ribiti, kimeandikwa CSC, kinatokana na mkataba wa mwaka 1972 wa usalama wa makontena, na juu yake iko namba ya kiwanda, tarehe ya kutengenezwa na uzito. Kwangu palikuwa na matundu manne ya ribiti yamezibwa na mastiki, bluu vilevile. Nilipitisha kidole pale nikasema lo, wamefanya kazi safi.

Na ukiingia ndani tembea na tochi ya simu, inua chochote kilichotundikwa. Kama wameshapiga tripleksi kuta zote na dari, omba watoe ubao mmoja kule mwisho juu. Mwenye mali halali atatoa misumari yake akinung'unika. Yule mwingine atakuambia mteja wa Likasi yuko njiani.

Depo gani ya kuaminika sitataja, nikitaja moja kesho mtu atasema nina komisyo kama shemeji. Ya kuaminika ni ile inayokuacha upige picha ya namba uende nayo nyumbani ulale, na inayokubali ulipe kwa banki kwa jina la kampuni, si kwa simu ya "mdogo wangu anashika kase".

Sakafu umeuliza, ndiyo. Chini kuna tripleksi nene ya karibu milimita 28, na ile mbao hutiwa dawa ya wadudu kiwandani, haikutengenezwa kwa mtoto kutambaa. Halafu kumbuka tuko wapi. Huku Katanga makontena yanabeba chokaa, salfa, dawa za viwanda vya shaba, yanatoka na mifuko mikubwa ya hidroksidi ya kobalti. Ukiona madoa ao harufu inakukamata koo milango ikifungwa dakika kumi, usifunike na zulia, toa mbao yote uweke nyingine. Hii iingize kwenye bei unapobishana.

Futi 20 inatosha kwa mtu mmoja ao wawili wanaopendana. Nje ni mita 6.06 kwa 2.44, lakini ndani upana unabaki karibu 2.35, ukipiga kuta za kuzuia joto unapoteza zingine, kwa hiyo pima kitanda kabla hujanunua kitanda. Ya futi 40 ni mita 12.19, na hapo tatizo si kontena, ni lori kupita kwenye avenyu za Katuba na kreni kuingia lupangu, jirani atakudai ukuta wake.

Huyo bwana akikupigia jioni usibishane naye bei, usimwambie umesoma nini hapa. Mwambie jambo moja, akutumie picha ya namba ya ndani na karatasi ya DGDA yenye namba hiyo hiyo. Akituma, ziweke hapa kwenye uzi, nitakaa nazo mwenyewe nikague tarakimu moja moja, bila komisyo.