Msomaji wa gazeti dogo hatafutwi, analindwa

Nilishika simu ya wasomaji ya gazeti dogo la wiki hapa Mwanza kwa miaka kadhaa. Namaanisha yale magazeti ambayo tangazo la benki huyapita kama daladala iliyojaa, yanayoishi kwa nakala za stendi na fadhila za wenye maduka. Siku hizi vijana wanaoanzisha kurasa za habari za mkoa wananiuliza jinsi ya kupata wafuasi wengi. Mimi huwauliza: wale ulionao unawafanyia nini?

Anza na bando. Msomaji wako wa Buhongwa ananunua bando la siku, na mara nyingi ni lile la mitandao ya kijamii peke yake. Ukimwekea kichwa cha habari na kiungo cha kubofya, hatabofya. Atasoma kichwa, atakasirika, atakoment. Kisha wewe unalalamika kwamba Watanzania hawasomi! Iandike habari yenyewe palepale kwenye posti: nini kimetokea, wapi, nani kasema, lini. Anayetaka marefu atakifuata kiungo au atanunua gazeti Jumatano.

Halafu zisome koment zote, hata zile za matusi, kwa sababu katikati ya matusi ndipo habari inapojificha. Tuliwahi kuandika, kwa mujibu wa taarifa ya kikao, kwamba barabara ya mtaa mmoja wa pembezoni imekamilika. Koment zikaja za "mmehongwa" na "gazeti la chai". Katikati kulikuwa na mama mmoja aliyeandika: "Kalvati limewekwa, kifusi bado. Bajaji zinapita nyuma ya msikiti." Waliotukana walikuwa na hasira tu, lakini huyu alikuwa amesimama pale. Nikamjibu mbele ya watu: "Ahsante mama, mwandishi anakuja kesho asubuhi." Mwandishi akaenda, akakuta kalvati limekaa peke yake kama jiwe la kaburi, na bajaji kweli zinazunguka msikiti. Tuliandika masahihisho juu kabisa ya posti ileile, yakiwa na tarehe, maneno ya zamani yakabaki chini yake. Usifute posti. Ukiifuta, picha ya skrini tayari iko kwenye magrupu, na kinachosambaa sasa ni kwamba gazeti limekimbia.

Jibu langu lile lilikuwa na ahadi yenye siku ndani yake. "Tutalifanyia kazi" ni lugha ya ofisi, na msomaji ameshaisikia kwenye kila dirisha alilopanga foleni.

Jambo ninaloona linachukuliwa kirahisi kuliko yote ni ulinzi wa anayetuma. Mtu anakutumia picha ya risiti kuonyesha alivyotozwa zaidi, anakuomba usimtaje. Wewe unalifuta jina lake kwa rangi nyeusi na kuichapisha. Kontroli namba, ile namba ya kulipia serikalini, umeiacha! Yeyote mwenye mfumo wa malipo ataiingiza na jina litatokea. Kwenye risiti ziba kontroli namba, namba ya muamala, saa na dakika. Kwenye picha ya mtaani angalia kivuli cha mpigaji, kioo cha gari, na kona ambayo inaonekana kutoka dirisha moja tu. Picha iliyotumwa WhatsApp kama dokumenti hubaki na taarifa zake za ndani, pengine hadi mahali ilipopigwa, basi usiipandishe mtandaoni ilivyo. Na ujumbe wa sauti usiurushe kabisa. Mtaa mzima unamjua kwa kikohozi chake. Andika alichosema.

Ndiyo maana sishauri grupu la WhatsApp la wasomaji. Kwenye grupu kila mwanachama anaiona namba ya mwenzake, na mtendaji wa mtaa naye ni msomaji wako. Chaneli, iliyokuja mwaka 2023, inaficha namba, ila haikupi mazungumzo. Tumia chaneli kutoa habari na namba ya ofisi kupokea, mtu mmoja mmoja.

Usitunze usichokihitaji. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa jukwaa la mijadala mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa, na moja ya mambo aliyoshtakiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 lilikuwa kutotoa taarifa za watumiaji wake. Ule ni mtandao mkubwa wenye mawakili. Wewe una simu moja na daftari. Habari ikishatoka na mambo yakatulia, futa namba na mazungumzo ya waliokuomba siri, na iwe desturi ya kila mwisho wa mwezi. Usingoje barua ya polisi ifike, maana siku hiyo kufuta kwenyewe kunaweza kuwa kosa. Na tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, orodha ya namba za wasomaji si mali ya kumgawia mgombea au muuza viwanja.

Wapo wanaofunga koment kabisa kwa kuogopa. Siwalaumu sana, mwaka 2017 magazeti ya Mawio na MwanaHalisi yalifungiwa na serikali miezi 24 kila moja, leseni zikaja kurudishwa Februari 2022. Lakini kati ya kufunga na kuacha holela kuna njia. Bandika kanuni tatu nne juu ya ukurasa: kutaja familia ya mtu, kabila, au tuhuma ya jinai bila ushahidi, inafutwa. Kisha ifute kwa wote, wa chama chako na wa kile kingine. Wasomaji wanahesabu hilo kimyakimya.

Kuhusu kubishana na wanaotukana: hapana.

La mwisho ni laini yenyewe. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, na magazeti mengi madogo yanatumia laini ya mwandishi fulani. Akiacha kazi, ataondoka na namba, mazungumzo na wasomaji wote. Isajili kwa jina la kampuni, weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, PIN wajue watu wawili, na simu ilale ofisini.