Laki Sita, Watu Wawili na Mwezi Mmoja Kilwa Kivinje

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kuwa yeye na mchumba wake wameweka akiba ya shilingi 600,000, akauliza kama fedha hizo zinatosha kuanza safari kama zetu, yaani kuishuka pwani mji baada ya mji, kutoka Tanga hadi Mtwara. Mwishoni akaongeza kuwa huenda anajisumbua bure, kwa kuwa watu kama sisi wana mgongo wa kuegemea. Maneno hayo yamenikaa rohoni, na ndiyo sababu jibu langu litakuwa refu kuliko swali lake.

Hatuna mgongo wowote. Mume wangu ni fundi simu, nami nahariri miswada na kupanga kurasa kwa kompyuta mpakato, kazi mbili ambazo vifaa vyake vinaingia katika mkoba mmoja. Kiwanja chetu kipo Kibaha na kimeota majani, na katika kila kikao cha ukoo wifi yangu hakosi kutukumbusha kuwa wenzetu tuliooa nao mwaka mmoja wamekwisha kufika kwenye linta. Nalitaja hilo kwa sababu msomaji wangu naye atasemwa, na ni afadhali ajiandae kwa maneno kabla ya kujiandaa kwa mizigo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: kinachokula fedha ni kuhama, si kukaa. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Kilwa hulipa nauli ya basi la Lindi au Mtwara, hushuka njia panda ya Nangurukuru, hutafuta usafiri mwingine wa kumfikisha Kilwa Kivinje au Kilwa Masoko, hulala gesti, na siku za mwanzo hula anapopaona kwa sababu hajui mama lishe yupi ana chakula kizuri kwa bei nafuu. Gharama hizo zote hujirudia katika kila mji mpya. Sisi gesti tulilipa shilingi 20,000 kwa usiku, ilhali chumba cha kupanga, baada ya kumweleza mwenye nyumba kuwa tutakaa mwezi mmoja tu na si miezi sita, tulikipata kwa 50,000 kwa mwezi. Usiku tatu za gesti zilizidi kodi ya mwezi mzima. Anayekimbilia miji mitano katika mwezi mmoja atalipa mara tano kujifunza mambo yale yale, kisha atarudi akisema kuwa kusafiri ni kwa matajiri.

Chumba msikitafute kwa dalali. Dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake, jambo linaloeleweka kwa mpangaji wa mwaka lakini si kwa mpangaji wa mwezi, na katika mji mmoja ambao sitautaja tulimlipa mtu malipo hayo tukakuta chumba kina watu ndani, wanapika. Fedha ile hatukuiona tena. Tangu hapo tunamuuliza muuza duka, mama wa vitumbua na wazee wa barazani, kisha tunakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa na vitambulisho vyetu vya taifa pamoja na cheti cha ndoa. Ndiyo, cheti cha ndoa. Msomaji wangu amesema wao ni wachumba, nami kama dada namwambia waziwazi kuwa katika miji hii ya pwani mtaulizwa, na kumjibu mama mwenye nyumba aliyewapokea vizuri kwa uongo si mwanzo mwema wa safari wala wa ndoa. Kafungeni ndoa kwanza, hata kwa chai na kashata; bahari haihami.

Sisi mwezi wetu tuliukaa Kivinje, mji wa karne ya 19, wa nyumba za mawe na magofu ambayo miti imeota kutani. Mume wangu hakufungua meza yake siku ya kwanza. Alimtafuta fundi mwenyeji, akakaa naye siku kadhaa akimsaidia bila malipo, kisha wakakubaliana kugawana nusu kwa nusu kila kazi ambayo mwenyeji angemkabidhi. Katika mji wa wavuvi kazi haiishi: simu huanguka majini, mwenyewe huianika juani, huichaji ikiwa bado na chumvi ndani, kisha huileta imekufa. Mume wangu huifungua, hutoa betri, husugua bodi kwa spiriti na mswaki laini, na nyingi hufufuka. Wavuvi wengine walilipa kwa samaki. Wapo ndugu wanaosema kuwa mume wangu anatangatanga, lakini mwanamume anayeingia mji wa watu, akaheshimu riziki ya mwenyeji na jioni akarudi na changu wawili, mimi simwiti mtangatangaji.

Samaki wana hesabu zao, na mkizijua mtaokoa fedha nyingi kuliko kwa ujanja mwingine wowote. Dagaa na vibua huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo katika siku za giza huwa wengi na bei hushuka, lakini mbalamwezi ikikomaa taa haziwavuti na vyombo vingi hupumzika. Wakati wa bamvua maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi, na kina mama hurudi na pweza ambao mnaweza kuwanunua kabla hawajafika kwa mchuuzi. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, hasa Juni hadi Agosti, vyombo vidogo hukaa ufukweni, nasi tulikula maharage ya nazi bila kulalamika.

Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, hatukukimbilia. Vibali vya kukitembelea hutolewa Masoko na ndiko mashua zilipo, na kwa kuwa hatukuwa na haraka tulisubiri asubuhi yenye maji tulivu tukavuka. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika pale mwaka 1331 akausifu mji, na ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu, chini ya kuba zake za mawe ya matumbawe, au ukitembea hadi Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lililo juu ya bahari, huhitaji kuelezwa kwa nini magofu haya yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Wageni wa siku moja tuliowakuta walikuwa wanaangalia saa zao.

Lindi na Mikindani nitayaandika siku nyingine. Kwa sasa itoshe kusema kuwa msimu wa korosho ukifunguliwa, gesti za Mtwara hujaa wanunuzi, na asiye na chumba atajuta.

Sasa laki sita, kwa mwezi mmoja Kivinje. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi tengeni 100,000, usiku tatu za gesti, 60,000, kodi, 50,000, chakula cha kupika wenyewe, 8,000 kwa siku, ambayo ni 240,000, mkaa na maji, 30,000, Kisiwani, 60,000. Godoro ombeni kwa mwenye nyumba, sisi tuliazimwa. Nendeni Oktoba, upepo wa kusi ukiwa umepungua na mvua za kusini hazijaanza.

Zitabaki 60,000, na hizo zigawanyeni kila mmoja 30,000 mfukoni mwake, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anayo nauli ya kurudi nyumbani. Chumba kimoja katika mji usio na shangazi wala rafiki wa kukimbilia hukuza ugomvi mdogo upesi sana, na mtu anayejua kuwa anaweza kuondoka hubishana kwa adabu zaidi. Mimi ya kwangu niliwahi kuitumia: nilipanda bodaboda kwa hasira hadi Nangurukuru, nikanywa soda, basi la Dar likapita nikiliangalia, nikapanda bodaboda ile ile kurudi. Mume wangu bado anadai niirudishe nauli hiyo kwenye mfuko wa pamoja.