Madoa ya jua yanahama kweli au hayahami?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesoma mahali eti madoa ya jua yanaanzia mbali na ikweta ya jua halafu miaka inavyokwenda yanaisogelea. Sasa mimi nimefuatilia picha za doa moja karibu wiki nzima, naliona linakatiza tu kuelekea kulia mpaka linapotea, kushuka halishuki. Nani muongo hapa? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Hakuna muongo ndugu yetu, ila hiyo habari huwa inaandikwa hovyo sana. Huko kwenda kulia ni jua lenyewe linajizungusha, doa limebebwa tu. Na doa moja maisha yake ni siku kadhaa au wiki chache, kubwa kabisa labda miezi, sasa safari ya miaka 11 hivi, yaani mzunguko mmoja wa madoa kuongezeka mpaka kilele na kupungua tena, litaiweza wapi? Kinachohama ni eneo yanapozaliwa madoa mapya. Chukulia msimu wa embe unavyotoka mkoa huu kwenda ule, embe hazijatembea.

Mzunguko mpya ukianza, madoa yanatokea kwenye digrii 30 hivi kutoka ikweta, kaskazini na kusini, wakati wa kilele mengi yako karibu na digrii 15, na mwishoni yamebaki digrii 7 au 8, ikweta yenyewe huwa hayaifikii. Mwingereza Richard Carrington aliliona hili miaka ya 1850, Mjerumani Gustav Spörer akaendelea kupima mpaka kanuni ikaitwa kwa jina lake, halafu mwaka 1904 Edward na Annie Maunder wakachora tarehe upande mmoja na latitudo (hizo digrii kutoka ikweta) upande mwingine, ikatoka michoro kama mabawa ya kipepeo, mmoja kwa kila mzunguko. Kwa maoni yetu huo ndio mchoro mzuri kuliko yote kwenye elimu ya jua.

Utamu zaidi ni pale mizunguko inapopishana. Januari 2008 doa dogo lilitokea digrii 30 kaskazini, sumaku yake imegeuzwa ukilinganisha na ya madoa ya zamani, wataalamu wakajua huyo ni wa mzunguko wa 24, na bado mwaka huohuo madoa ya mzunguko wa 23 yakawa yanaendelea kuchomoza karibu na ikweta kana kwamba hayajaambiwa muda umeisha.

Kwa nini yashuke? Jua ni gesi, ikweta yake inajizungusha mara moja kwa siku 25 hivi na kule karibu na ncha zaidi ya 30, kwa hiyo sumaku iliyo ndani inavutwa na kujisokota mpaka vipande vinachomoza juu, ndiyo madoa. Ila kinachosogeza eneo hilo kwenda ikweta, kama ni mkondo wa gesi huko chini au ni sumaku yenyewe inavyojijenga, wataalamu bado wanabishana.

Mzunguko wa sasa, wa 25, ulianza Disemba 2019 na kilele kimekuja 2024, kwa hiyo acha doa lako moja, chukua picha za 2021 za SDO, chombo cha NASA kinachopiga picha za jua kutoka angani, uziweke pembeni ya za leo uangalie madoa yako umbali gani na ikweta. Na jua usilitazame kwa macho matupu, tafadhali.