Ile kanisa ya Siria yenye jiwe katikati

SWALI: Jambo mama. Padri wa paruwasi yetu alituonyesha kwa telefone picha ya kanisa ya Siria yenye kubomoka, ya wakati wa Wabizanti (Waroma wa mashariki), ya mutakatifu Simeoni, kuta ziko bado juu lakini paa hakuna, na katikati kuna jiwe kubwa kama yai. Mimi nilikomalia hapa Goma, naijua katedrali yetu Saint-Joseph yenye lava ya Nyiragongo ilichoma 2002, ndiyo nikajiuliza ile ingine iliharibiwa na nini? Jiwe ni altare? Tena wengine wanasema si kanisa moja, ni ine.

JIBU: Hapana mwanangu, si altare, ni kisiki cha nguzo. Simeoni alikuwa mumonaki, akapanda juu ya nguzo ili asali, akaishi kule juu miaka zaidi ya 30, jua yake, mvua yake, mpaka akafa 459. Sasa sikia hii, maana inanigusa sana: mwili haukubaki pale. Walimupeleka Antiokia, na kaisari Leo alipoomba apewe ule mwili, watu wa Antiokia wakakataa, wakasema kuta za muji wetu zilianguka na tetemeko, acha huyu atulinde badala ya kuta. Kwenye kilima ikabaki nguzo tu, bila kaburi, na ni hiyo nguzo ndiyo walijengea kanisa, kuanzia miaka ya 470, wakati kaisari Zeno anatawala.

Mafundi waliizungushia uwanja wa pembe 8, halafu kutoka pale wakatoa basilika 4 kama mikono ya musalaba. Kwa hiyo wote muko na haki, ni ine na ni moja! Ya mashariki ndiyo ndefu kupita zingine, altare ilikuwa mule, misa ilisomwa mule. Yote ni mawe ya chokaa, na ukipata picha ya karibu angalia majani yenye walichonga juu ya nguzo, mengine yamelala upande kama upepo unayapiga, kumbe ni jiwe tu.

Paa za basilika zilikuwa za mbao, zikaisha. Pale katikati, Evagrius mwandishi wa historia alifika karne ya 6 akakuta pako wazi, unaona mbingu.

Yetu iliungua siku moja, ile iliisha polepole: matetemeko, halafu karne ya 10 Wabizanti wakaizungushia ukuta wakaifanya ngome (ndiyo Waarabu wanaiita Qalat Siman, ngome ya Simeoni), na mahujaji walikuwa wanamega nguzo kidogo kidogo wabebe baraka nyumbani, mpaka ikabaki lile yai. UNESCO iliiandika kwenye urizi wa dunia 2011, pamoja na vijiji vya zamani vya kule, lakini 2016 bomu za ndege zikapiga pale na jiwe lenyewe likavunjika. Kama kwenye picha ya padri liko zima basi ni ya mbele ya hapo, mumuombe aitunze vizuri.