Sabufa na spika ndogo: anzia hezi 80

Ndugu yangu wa Langoni, hapa Lamu, unasema sabufa, yaani spika ya besi, inavuma peke yake huku spika zako za inchi 4 zikibaki nyuma. Nadhani krosova, yaani mpaka ambapo sabufa inaziachia spika ndogo kazi, umeipandisha mno. Spika za ukubwa huo huishiwa nguvu kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 80 hadi 100 hivi, basi anzia 80. Ukipita 120, sikio linajua besi inatoka upande gani, na taarabu inaharibika. Punguza sauti ya sabufa kabisa, uipandishe polepole mpaka besi isikike kama inatoka kwenye spika zenyewe. Jaribu swichi ya fezi, inayopatanisha mitetemo ya sabufa na ya spika: digrii 0 kisha 180. Iache panaposikika besi iliyojaa zaidi ukiwa umeketi mahali pako. Na tafadhali sabufa iondoe konani! Vyumba vyetu vya Lamu ni vyembamba, kuta za mawe ni nene, kona huivimbisha besi.