Kabla hujanunua betri ya maji ya bahari, uliza kinacholiwa ni nini

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa, Tanga. Mwaka juzi nilimpelekea taa ya maji ya chumvi nikamwambia, kwa mbwembwe za fundi sola, "Mjomba, chaji yake ni bahari." Giza la tatu, yaani kipindi cha tatu cha usiku usio na mbalamwezi, akanirudishia. "Mjomba, taa yako imekunywa bahari nzima na haiwaki."

Nikaifungua. Bamba la metali ya magnesi lililokuwa nene kama biskuti lilibaki wembamba wa karatasi, linamomonyoka kidoleni, na chini kuna tope jeupe kama uji wa mchele. Hapo nikaelewa. Umeme haukutoka kwenye maji. Maji ya chumvi yalikuwa njia tu, kilicholiwa ni magnesi. Bamba likiisha unanunua jingine. Boksi lilisema "inajazwa tena", na kweli, unajaza maji!

Kwa hiyo ukiletewa kitu cha namna hii, uliza kinacholiwa ni nini, kisha uliza umeme wa sola unaingilia wapi. Kama hakina pa kuingizia chaji, hiyo si betri ya kuchaji, hata muuzaji aape.

Ya kuchaji kwa maji ya bahari ipo. Watafiti wa chuo cha UNIST, mjini Ulsan, Korea Kusini, wameishughulikia kwa miaka mingi. Ukiichaji, sodiamu iliyomo kwenye chumvi ya maji inavutwa kupita ukuta wa kauri maalumu na kuhifadhiwa upande wa pili, pasipofika maji kabisa. Ukiwasha taa, sodiamu inarudi baharini na umeme unatoka. Ugumu wote uko kwenye ule ukuta. Sodiamu tupu ikikutana na maji inalipuka, kwa hiyo ufa mdogo tu ni balaa. Dukani kwangu bado sijaiona, na atakayekuja kukuuzia ya bei chee mtilie shaka.

Vijana wananiuliza kwa nini tusitengeneze wenyewe. Nilijaribu. Beseni la maji ya bahari, vijiti viwili vya kaboni kutoka betri kuukuu za tochi, nyaya za paneli. Mapovu yakaja, nikafurahi, halafu ikaja harufu kali kama ya Jiki na macho yakaanza kuniwasha. Ni klorini, gesi ya sumu. Bila ule ukuta wa kauri unaishia kuichambua chumvi tu. Usijaribu, na chumbani ndiyo kabisa.

Kuna pia betri za maji chumvi za kuweka nyumbani. Aquion ya Pittsburgh, Marekani, ilizitengeneza. Chumvi yake haikuwa ya baharini, na betri zilikuwa nzito mno. Kampuni ikafilisika mwaka 2017. Ndiyo maana waranti ya miaka mingi kutoka kampuni changa hainibabaishi.

Mjomba sasa anavulia taa za betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, zinachajiwa kwa paneli mchana. Pini zake tunazifuta kwa maji baridi, yasiyo na chumvi, kila akirudi, maana chumvi inazitafuna.

Ile ya magnesi sikuitupa. Nimeitia bamba jipya, haijaguswa na tone la maji, imefungwa kwenye nailoni mbili chini ya ubao wa mashua, ingoje usiku ambao taa nyingine zote zitagoma.